Bufee Si Moja: Jua Wamezuia Wapi Kabla Hujashika Sahani

Kabla hujashika sahani kwenye bufee yoyote, jiulize swali moja: hapa wamezuia wapi? Hakuna mwenye mgahawa anayekufungulia jiko zima kwa bei moja bila kuweka kizuizi mahali. Mwingine amezuia kwenye nyama, mwingine kwenye idadi ya sahani, mwingine kwenye saa, mwingine kwenye soda na maji ya kushushia. Ukishakijua kizuizi, unakula vizuri, unalipa ulichotegemea kulipa na unanyanyuka bila kushika tumbo. Usipokijua, unajaza ubwabwa na chipsi dakika 5 za mwanzo, halafu unabaki kuangalia wenzako wakipakuliwa kamba.

Mtindo huu una historia, na historia hiyo inaonyesha fedha inatoka wapi. Waswidi walikuwa na meza yao ya vyakula vingi, smörgåsbord, na watu wengi wa nje waliifahamu ilipoandaliwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1939. Katika miaka ya 1940 hoteli ya El Rancho Vegas, kule Las Vegas, ikaanza kuuza mlo wa kula mpaka ushibe kwa dola 1. Dola hiyo ilikuwa chambo tu. Mcheza kamari akishiba humohumo hana sababu ya kutoka kutafuta chakula kwingine, na kilichobaki mfukoni mwake kitaishia kwenye meza ya kamari. Mwaka 1958 Hoteli ya Imperial ya Tokyo nayo ikafungua bufee yake, baada ya mkuu wake kuiona meza ya aina hiyo Skandinavia. Tangu hapo kila mji umeugeuza mtindo huu kwa namna yake, ila kanuni haijabadilika: ukiona chakula hakina kikomo, kikomo kimewekwa kwingine.

Uliza ukiwa bado mlangoni

Maswali haya ni ya dakika moja, na yanazuia ugomvi wa nusu saa kwenye bili.

*Bei inabeba nini?* Kwenye baadhi ya hoteli, bei iliyo kwenye bango hufuatwa na alama mbili za kujumlisha (++). Maana yake kodi na tozo ya huduma bado hazijaingia. Uliza pia kuhusu vinywaji. Mara nyingi maji, soda na kahawa viko nje ya bei, na hapo ndipo mwenye mgahawa anapopata faida yake. Familia ya watu 5 ikiagiza vinywaji mara mbili mbili, bili inaweza kuwa mbali sana na ile mliyoikadiria.

*Muda ni kiasi gani, na jiko linafungwa saa ngapi?* Nusu saa ya mwisho mara nyingi mabakuli hayajazwi tena. Ukiingia saa 8:30 mchana kwenye bufee inayofungwa saa 9:00, umelipa bei kamili kwa mabaki ya wenzako.

*Watoto wanalipaje?* Kuna wanaohesabu umri, kuna wanaopima urefu. Ukiwa na watoto watatu, jibu la swali hili ndilo litakaloamua kama mtaingia au mtatafuta pengine.

*Chakula kikibaki kuna faini?* Migahawa mingi ya sushi ya bei moja Ulaya na Amerika Kaskazini hutoza kwa kila kipande kinachoachwa. Hata hapa kwetu yapo mabango ya onyo la namna hiyo, ingawa utekelezaji wake hutegemea meneja.

*Kuna mizani?* Mgahawa wa bufee na mgahawa wa kujipakulia tu hufanana machoni. Brazili imejaa migahawa ya kilo: unajipakulia upendavyo, sahani inawekwa kwenye mizani, unalipia uzito. Hapo tikiti maji linalipiwa bei ileile ya nyama. Ukiiona mizani karibu na keshia, punguza vyenye maji na mchuzi, chukua vya thamani.

Aina za bufee na namna ya kuzila

*Kifungua kinywa cha hoteli.* Hii ndiyo bufee ambayo wengi wanaijua, na ndiyo yenye vizuizi vichache kuliko zote, kwa sababu umeshailipia kwenye bei ya chumba. Kizuizi chake ni saa. Shuka mapema, zunguka meza nzima mikono mitupu, halafu amua. Usianze na toasti na soseji, ambazo ni zilezile kutoka Kigali hadi Muscat. Tafuta kona ya vyakula vya wenyeji. Pwani utakuta mahamri na mbaazi, vitumbua, mihogo, viazi vitamu, pengine supu. Vitu hivi wapishi wenyewe wanavijua tangu utotoni, na mkono wao unaonekana hapo kuliko kwenye maharage ya kopo. Mpishi wa mayai naye mtumie: kimanda kinachokaangwa mbele yako ni cha moto na unajua kilichomo, wakati yale mayai ya kuvurugwa kwenye bakuli la chuma huenda yamekaa hapo tangu alfajiri.

Ukiwa kwenye loji mbugani na mnatoka kabla ya jua kuchomoza kwenda kutazama wanyama, usifiche mayai na ndizi kwenye mkoba. Agiza boksi la chakula mapokezi usiku uliotangulia. Loji nyingi huliandaa kama sehemu ya huduma, lakini lazima jiko lijue mapema.

*Nyama inayokufuata mezani.* Hapa huendi kwenye chakula, chakula kinakuja kwako. Mfano maarufu Afrika Mashariki ni Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1980. Ukiingia unakutana na tanuru kubwa la makaa, nyama ikichomwa ikiwa imetungwa kwenye sime za Kimasai. Wahudumu wanazunguka nazo meza hadi meza, wanasimamisha sime juu ya sahani yako na kukukatia. Katikati ya meza, juu ya kibao cha sosi, kuna kibendera cha karatasi. Kikiwa kimesimama, nyama inaendelea kuja. Ukikilaza, umesalimu amri. Zamani walichoma hata nyamapori, lakini Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 2004, za ajabu zikabaki mamba na mbuni, pamoja na ng'ombe, kondoo, nguruwe na kuku wa kawaida. Wabrazili wana mtindo unaofanana nao, rodízio, ambao sasa umeenea hadi Marekani na Dubai. Badala ya bendera unapewa kibao chenye upande wa kijani na upande mwekundu.

Kizuizi cha aina hii ni mpangilio. Supu na mkate hutangulia, kisha soseji na mapaja ya kuku, na vile vipande vizuri vya ng'ombe huja wakati mkanda umeshaanza kubana. Basi onja supu, uache mkate. Nyama ikifika, omba ukatiwe kipande chembamba. Hakuna anayekukataza kuomba tena. Sema unaitaka iliyoiva sana au kiasi, maana sime moja ina sehemu zote mbili. Na kibendera hakilazwi mara moja tu. Kilaze mpumzike, mpige soga, kisha kisimamisheni tena. Ukiwa Muislamu, uliza kabla ya kukaa: nyama imechinjwa vipi, na je, nguruwe inachomwa kwenye moto huohuo na kukatwa kwa kisu kilekile? Usione haya, wahudumu huulizwa swali hilo mara kwa mara.

*Sahani moja, mara moja.* Nenda Kigali mchana siku ya kazi, uingie mgahawa wowote wa mtaani unaouza melanje. Mbele yako pamepangwa wali, ugali, ndizi, viazi, chipsi, maharage, njegere, isombe (kisamvu), dodo (mchicha) na saladi. Bei ni moja na unajipakulia mwenyewe, lakini sahani ni moja na kurudi hakuna. Nyama nayo ina hesabu yake, aghalabu kipande kimoja au viwili, na mara nyingi kuna mtu amesimama hapo na upawa akihakikisha.

Mtazame aliyezoea. Hamwagi wali katikati na kuondoka. Anaanza na ndizi na viazi pembezoni mwa sahani, kama fundi anayenyanyua ukuta, kisha anaushindilia wali ndani, anamwaga maharage juu ya wali ili yashuke kwenye nafasi zilizobaki, isombe inafuata kwa sababu inashikamana, na saladi inakaa kileleni kwa sababu ni nyepesi. Nyama inawekwa mwisho. Sahani inafika mezani bila kudondosha punje. Ukiwa mgeni, usishindane naye. Chagua vitu vinne unavyovipenda, maana sahani yenye kila kitu inakuwa na ladha moja.

Kampala wana mpango wa jirani na huo. Matoke, posho, wali, viazi na boga unaweza kuwekewa vyote, ila mchuzi unachagua: nyama, kuku, samaki au karanga. Mchuzi ndio unaopanga bei. Kwa hiyo uliza bei ya mchuzi, wala si ya chakula.

*Thali ya Kigujarati.* Kwenye migahawa ya mboga ya Wahindi, Nairobi, Mombasa na mitaa ya Kisutu kule Dar es Salaam, unaletewa sinia dogo la chuma lenye vibakuli vyake: dali, kadhi, mboga mbili tatu, achari, papadi na kitu kitamu. Wahudumu wanapita na ndoo ndogo na vijiko, na kila kibakuli kikipungua kinajazwa. Hakuna bendera. Ukitosheka, funika kibakuli kwa kiganja. Kusema "basi" tu hakutoshi, maana ukarimu wa mhudumu huyu unalisikia kama adabu ya mgeni. Kizuizi cha thali ni mkate: rotli zinakuja za moto, zimepakwa samli, moja baada ya nyingine, na wali unafuata baadaye. Ukiwa mpenzi wa wali, simama kwenye rotli ya pili. Kwa anayetafuta thamani ya fedha yake bila nyama, hii ndiyo bufee bora mjini: chakula kinatoka jikoni kidogo kidogo, hakilali kwenye bakuli.

*Futari ya hotelini.* Mwezi wa Ramadhani hoteli za Pwani na za Ghuba huandaa bufee za futari, na kizuizi chake hakipo kwingine kokote: watu wote wanaanza dakika moja. Adhana ikilia, ukumbi wa watu 200 unasimama kwa pamoja. Usijiunge na foleni hiyo. Fungua kwa tende na maji, unywe uji wako, uende ukaswali Magharibi. Ukirudi, foleni imepungua na jiko limejaza mabakuli upya. Kisha uanze na vya nazi, mihogo, magimbi au ndizi, kabla ya sambusa na viazi karai, kwa sababu mafuta kwenye tumbo lililoshinda tupu ni mazito. Kaimati na tambi ziache mwisho. Dubai au Muscat utakuta pia harisi, ambayo mtu wa Unguja ataitambua kwamba ni bokoboko la ng'ambo, na mwanakondoo mzima aliyelazwa juu ya wali. Weka nafasi mapema, hasa kumi la mwisho, na uulize kama unalipa kabla.

*Bufee ya harusi.* Hukulipa mlangoni, lakini ulichanga, na kadi yako imeandikwa mmoja au wawili. Kizuizi kiko wazi kwa kila aliyewahi kuhudhuria sherehe ya ukumbini Dar es Salaam, Arusha au Moshi: wali, ndizi na saladi unajipakulia, lakini ukifika kwenye nyama na kuku unakutana na mtu amevaa glovu. Kamati imempa hesabu, vipande kwa idadi ya kadi. Usimbembeleze. Akikuongezea wewe, meza ya 30 itafika ikute mchuzi mtupu, na lawama zitakwenda kwa wenye shughuli. Subiri MC aite meza yenu, na ukiwa meza za mwisho, kula kitu chepesi nyumbani kabla hujatoka. Mara nyingi chakula kinaanza kupakuliwa usiku umekwenda, baada ya keki, ndafu na zawadi. Kufungasha kwenye mfuko kabla wote hawajala ni aibu. Wageni wakishakula na wenye shughuli wakasema kimebaki, funga bila wasiwasi.

*Bufee za ughaibuni.* Ukiwa Toronto, Amsterdam au Hamburg, migahawa ya sushi ya bei moja hukupa orodha au tableti, na unaagiza kwa awamu. Kizuizi ni saa, mara nyingi kama saa 2, pamoja na idadi ya vyakula kwa awamu. Agiza kidogo, maana ile faini ya mabaki niliyoitaja mara nyingi huwanasa kwenye awamu ya pili, mnapojiona bado mna njaa. Bufee za Kichina za Marekani na Uingereza ni nafuu zaidi mchana kuliko jioni. Jioni bei hupanda kwa sababu ya kamba na kaa. Kwa hiyo kama huli vya baharini, nenda mchana. Marekani kumbuka pia bakshishi: umejipakulia mwenyewe, ndiyo, lakini kuna aliyeondoa sahani zako na kukuletea maji.

Jinsi meza inavyopangwa kukushibisha mapema

Ukishaizoea meza ya bufee utaona inaanzia wapi. Mikate, saladi, wali, tambi na viazi viko mwanzo; nyama na samaki viko mwisho, sahani ikiwa imeshajaa. Kijiko cha wali ni kikubwa, koleo la nyama ni dogo. Juisi ya bure inachukua nafasi tumboni. Si njama ya kukudhulumu. Wali ni rahisi na nyama ni ghali, na bei moja haiwezekani bila vyakula vya bei nafuu kubeba vile vya bei ghali.

Ukitaka kuona inakuwaje hesabu hiyo ikikosewa, tazama kampuni ya Red Lobster ya Marekani. Mwaka 2023 ilifanya ofa ya kamba wasio na kikomo kwa dola 20 kuwa ya kudumu. Vyakula vya bei nafuu havikutosha kuwabeba kamba. Ofa hiyo ilileta hasara ya mamilioni ya dola, na mwaka 2024 kampuni iliomba ulinzi wa kisheria wa waliofilisika, ingawa madeni na kodi za majengo nazo zilikuwa zimeiandama. Mgahawa unaotaka kubaki hai lazima ukuzuie mahali.

Panga mizunguko yako

Mzunguko wa kwanza ni wa macho. Tembea meza yote hadi mwisho bila sahani, ujue kamba wako wapi, nini kinachomwa papo hapo, na kitamu kipi unakihifadhia nafasi.

Wa pili ni wa kuonja. Chukua sahani ndogo, anza na mboga au supu nyepesi, kisha kijiko kimoja kimoja cha vitu vilivyokuvutia. Usichanganye mchuzi wa nazi na wa nyanya; itengee pembe zake.

Wa tatu ndio mlo wenyewe: rudia vile viwili au vitatu vilivyokupendeza, basi. Waswidi kwenye meza yao wana utaratibu wa zamani unaofaa kuigwa popote. Wanaanza na samaki baridi, wanafuata nyama baridi, halafu vya moto, mwisho vitamu, na kila hatua ina sahani yake safi. Marekani kuchukua sahani safi unaporudi kwenye bufee ni kanuni ya afya.

Kati ya mzunguko na mzunguko, pumzika. Mwili huchukua takriban dakika 20 kuanza kukupa habari kwamba umeshiba, na anayekula mbio anapata habari hizo akiwa ameshapitiliza. Kuna jambo jingine ambalo watafiti kama Barbara Rolls walilieleza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980: hamu ya chakula unachokila hupungua, lakini hamu ya chakula kipya inabaki palepale. Ndiyo maana mtu aliyeapa hawezi kumeza hata punje moja ya pilau anapata nafasi ya keki. Bufee yenye vyakula 40 inaichokoza hamu hiyo mara 40. Njia ya kujilinda ni kupunguza aina unazoweka kwenye sahani. Kujinyima ukiwa mbele ya meza hakusaidii sana.

Mwenye kisukari au anayefuata ushauri wa daktari atafaidika na mpangilio huohuo: mboga na nyama kwanza, wanga baadaye na kwa kiasi, juisi aiache.

Chakula cha bufee na tumbo lako

Hatari ya bufee ni chakula kilichokaa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kikae juu ya nyuzi joto 60, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Huna kipimajoto, lakini una macho. Fungua mfuniko: mvuke unatoka? Maji yaliyo chini ya bakuli yana moto, au mshumaa wake umezimika? Juu ya mchuzi pamefanya ngozi? Wali umekauka pembeni na vuguvugu katikati? Vipite. Wali uliokaa vuguvugu huotesha bakteria ambao sumu yao haiondoki hata ukipashwa moto tena.

Angalia pia wanavyojaza. Jiko zuri huondoa bakuli tupu na kuleta jipya. Jiko baya hukung'utia chakula kipya juu ya kile cha saa 4 zilizopita. Saladi za mayonezi na matunda yaliyokatwa yasiyo na barafu chini yake, kwenye joto la Mombasa au Dar, yaache. Chukua ndizi au chungwa ulimenye mwenyewe. Kile kioo kilichoinama juu ya chakula kina kazi yake. Mmarekani mwenye migahawa ya bufee, Johnny Garneau, alikipatia hataza mwaka 1959 ili chafya na mate ya wateja visifike kwenye chakula. Usiingize kichwa chini yake.

Wenye mzio, na wasiokula nguruwe, wawe macho na koleo. Koleo la soseji za ng'ombe hulazwa kwenye trei ya bekoni, kijiko cha mchuzi wa karanga huhamia kwenye mchicha, na hakuna aliyekusudia ubaya. Mwombe mhudumu akuletee chako kutoka jikoni. Kwenye hoteli nyingi watafanya hivyo bila malipo.

Adabu ya meza ya wote

Usionje kwa kidole wala kwa kijiko cha kupakulia. Usirudishe kilichoshikwa. Usichague vipande vya kifua kwenye trei nzima ya kuku na kuwaachia wenzako mabawa. Mtoto asiende peke yake na sahani ya udongo na supu ya moto. Na usimlundikie mgeni wako sahani kwa heshima. Kwenye bufee heshima ni kumwonyesha njia, sahani apange mwenyewe.

Usile ili kurudisha fedha

Watu huingia na hesabu kichwani: nimelipa elfu 45, lazima nile cha elfu 45. Fedha hiyo imeshatoka. Sahani ya nne hairudishi hata senti, inakuongezea tu safari ya kwenda kutafuta dawa ya kiungulia. Kilicho mikononi mwako sasa ni mchana wako na tumbo lako, na hivyo ndivyo vya kuvilinda. Hesabu ifanye kabla hujaingia. Bufee inakulipa ukiwa na njaa ya kweli, ukiwa na kundi lenye watu wa ladha tofauti, ukiwa na saa 2 za kukaa, na ukiwa unataka kuonja vyakula vya mahali usipopajua. Ukiwa peke yako, una haraka, au ulikunywa chai nzito saa 4 asubuhi, usiingie. Agiza sahani moja ya kawaida iliyopikwa kwa ajili yako, huenda ikakugharimu nusu ya bei hiyo na itafika mezani ikiwa ya moto.